Debian 12 kwenye laptopu za mtumba: nyota nne, ya tano imeliwa na waifai

Nina steshenari ndogo karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Tunaprinti, tunatoa kopi, tunawatumia watu maombi ya kazi. Windows 10 ilipofika mwisho wa huduma, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu zangu mbili za mtumba zilikuwa hazina sifa za kupanda Windows 11, na za kununua mpya sina. Kijana anayenitengenezea mashine akaniletea flashi yenye Debian 12, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. "Mama, jaribu hii, ni ya bure." Vya bure vimeshanitia hasara, lakini nikajaribu.

Laptopu ya kwanza haina hadithi. Haikufika saa nzima ikawa tayari: sauti ipo, waifai ipo, na printa yangu kuukuu ikajitokeza yenyewe kwenye orodha. Sababu nimekuja kuijua baadaye. Kadi nyingi za waifai haziamki mpaka zilishwe faili dogo la mtengenezaji, ndiyo famwea, na zamani diski rasmi ya Debian haikuwa na mafaili hayo kwa kuwa si huria. Mwaka 2022 wanachama wa mradi wa Debian wakapiga kura yaingizwe, na toleo hili la 12, la Juni 2023, ndilo la kwanza kuja nayo.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Imewaka vizuri, lakini mtandao hamna kabisa, hata alama yake haipo. Kijana akanifundisha kuandika lspci -nnk kwenye ile dirisha nyeusi. Kila kifaa kinatoka na jina lake, na chini yake mstari unaosema draiva gani, yaani programu ya kukiendesha, inakihudumia. Kadi ya waifai ilikuwa na jina tu, chini patupu, kama mwajiriwa mpya aliyeripoti kazini hajapangiwa meza. Draiva yake ni ya kufungwa, haimo ndani ya keneli (kiini cha mfumo), na iko kwenye fungu la non-free, la programu zisizo huria, ambalo Debian haliwashi mpaka uliwashe mwenyewe.

Sasa draiva ya waifai utaishushaje bila waifai? Nikachomeka simu kwa waya wa kuchajia, nikawasha kushea intaneti kwa USB, na Debian ikaipokea simu bila kuuliza swali. Bando langu likateketea, ila kazi ikaenda. Mtu akikuuliza kwa nini niliipenda Debian, mwambie ni hapo.

Kosa likafanyika hapohapo: kijana, kwa haraka zake, aliisuka draiva kwa mkono, yaani aliijenga mwenyewe kwa ajili ya keneli iliyokuwepo. Wiki tatu tukakaa kwa raha. Ijumaa moja nikakubali masasisho, keneli mpya ikaingia, nikazima nikawasha, waifai haipo. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama kaunta, mtihani wake uko kwenye barua pepe! Draiva ya mkono inashonewa keneli moja tu. Keneli ikibadilika, draiva inabaki kama nguo isiyomtosha mtu. Dawa yake ni kuiweka kwa njia ya DKMS, zana ya kusuka draiva, pamoja na kifurushi cha linux-headers-amd64 chenye mafaili ya keneli inayoyahitaji, ili kila keneli mpya ikiingia draiva ijisuke upya yenyewe. Tukafanya hivyo, ikakaa.

Lakini roho yangu haikutulia, nikaona ninunue kile kidude cha waifai cha USB chenye chipu ya AR9271, elfu thelathini za kwangu. Draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya keneli siku zote, na hata famwea yake msimbo wake umewekwa wazi tangu 2013. Nilichomeka, nikaandika nywila, basi. Si cha kasi: mwisho wake 150 Mbps kwenye karatasi, na kinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Kwa kutuma CV kinatosha na kubaki.

Kwa hiyo Debian 12 naipa nyota nne. Ukienda kununua mtumba, beba flashi yako, waombe wakuwashie mashine nayo hapohapo dukani, uangalie waifai kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, hamia duka la pili.

Kile kidude nimekifunga kwa selotepu kwenye tundu la kushoto, maana wateja wawili walishakichomoa wakidhani ni flashi yao.