Misumari ya mbao za dawa: usinunue aina moja kwa nyumba nzima

Nilijenga kibanda cha kivuli nyuma ya nyumba, Nkuhungu, Dodoma. Mbao za dawa za Mafinga, misumari ya kawaida ya kupima kwa kilo. Msimu wa pili wa mvua, kila kichwa cha msumari kilikuwa kimetiririsha michirizi myeusi. Nikavuta mmoja wa inchi nne kwa koleo, ukakatika katikati. Umeliwa hadi umebaki kama njiti. Mbao nzima kabisa!

Dawa ile ya kijani ina shaba. Shaba na chuma vikikutana kwenye unyevu, kinacholiwa ni chuma. Pakiwa pakavu hakuna ugomvi, na hapo sisi wa Dodoma tuna nafuu: mvua Desemba hadi Aprili, baada ya hapo vumbi. Hela yako ipeleke maji yanakokaa.

Namba moja kwangu ni zinki ya kuchovya, yaani msumari au bolti iliyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Utaitambua kwa rangi ya kijivu iliyofifia na ngozi inayokwaruza mkononi. Hii ndiyo ya kibaraza, uzio, ngazi za nje, banda la kuku. Bolti zake nunua pamoja na nati zake: zinki ni nene, nati ya kawaida haipandi. Mimi nilirudi dukani mara mbili kwa hilo.

Ya pili, stenilesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kwa ubora inaishinda hiyo ya kwanza, ila bei inauma, kwa hiyo nimeiweka kwa kazi maalumu: bafu la nje, stendi ya simtanki, popote panapomwagika maji ya kisima yenye chumvi. Kichwani mwa bolti tafuta alama A2, au A4 kama chumvi ni kali. Usiifunge na kona za zinki, vile vyuma vya pembe vya kuunganishia mbao. Zinki itaisha haraka.

Ya tatu ni zile zinazong'aa kama sarafu mpya. Zinki yake ni utando tu, mikroni chache (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati ya kuchovya hufika 50 au zaidi. Muuzaji ataziita galvanaizi zote. Zinafaa ndani tu, pakavu.

Msumari mweusi wa kilo unatosha kwenye kenchi chini ya bati lisilovuja, mradi mbao imekauka. Nyingi hushushwa kwenye lori zikiwa bado na maji ya dawa. Zipange kivulini, weka vipande katikati, zipe wiki kadhaa kabla ya kupigilia.

Za mwisho, skrubu nyeusi za jipsam. Fundi atakwambia, "Bosi, hizi ndo ngumu." Ngumu kweli, ndiyo maana zinakatika kichwa mbao ikijikunja, na zinki hazina hata chembe. Mwachie azitumie kwenye dari.