Kamera safi, kifuniko takataka, muuzaji ndiyo usiseme

Ukiangalia picha tu, kamera hii utaipenda. Mimi nina ugomvi na kifuniko cha betri.

Nilitaka kamera ndogo ya kufunga kwenye tiara, nipige mashamba ya mwani Jambiani kutoka juu, maji yakishakupwa. Droni ina vibali vyake. Tiara inataka uzi na kusi tu. Lakini kamera ikishapaa huna la kuifanya, kwa hiyo kila kitu hujaribiwa chini kwanza. Nikaifunga kwenye msalaba wa Picavet, ule wa vijiti viwili na uzi unaopita kwenye pete ili kamera isiyumbe ovyo, nikaitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikaitega ijipige kila baada ya sekunde 5, shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde tu, kisha nikaanza kuitikisa kamba. Tak! Kifuniko wazi, betri nje, kamera imezima. Nikarudia. Tak! Kijino cha plastiki kinachokishika ni chembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga.

Nikairudisha dukani. Kijana wa pale hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Dada, kamera ya kupigia picha, wewe unarushia tiara kama mtoto wa chuoni?" Akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipong'ang'ania, akachukua selotepu, akaikata kwa meno, akabandika. Selotepu! Kitu kipya, kwa bei ile!

Mtoto wa chuoni, eti. Arthur Batut alirusha kamera kwa tiara huko Ufaransa mwaka 1888, na aliifyatua kwa utambi unaoungua polepole. Ile ya utambi ilihimili upepo, hii ya kisasa imeshindwa na kamba ya nguo.

Haya, haki yake niipe. Nilikata kipande cha mpira wa baiskeli, nikakizungushia kifuniko, nikatikisa mpaka mkono ukauma. Haikuzima. Ikapanda. Vigingi na kamba za mwani vimejipanga safu kwa safu, akina mama wameinama na vikapu vyao, na picha haina ukungu hata kidogo. Pale ufukweni nilikuwa tayari kutoa nyota tano.

Lakini nikitoa tano, yule kijana atadhani selotepu yake ndiyo iliyofanya kazi. Mbili: moja ya lenzi, moja ya mpira wa baiskeli. Nunueni, ila si kwake, na kifuniko mkitikise palepale dukani kabla pesa haijatoka. Wakicheka, wacheke.