Uzoefu Wangu: Kujifunza Mwandiko wa Karne ya 10 kwa Kalamu ya Ncha Pana

Nilinunua kalamu ya ncha pana ya milimita 3.8 kwa lengo moja, nalo ni kujifunza mwandiko wa Kilatini wa Zaburi ya Ramsey, mswada ulioandikwa Uingereza katika robo ya mwisho ya karne ya 10, ambao leo umehifadhiwa British Library, London, kwa namba Harley 2904. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuijua tabia yake, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya anayefikiria kununua kalamu ya aina hiyo na angependa kujua itamfikisha wapi.

Ncha yake si ile iliyochanwa katikati tuliyoizoea. Ni vibamba viwili vya chuma vilivyolala sambamba, na wino hushuka kati yake moja kwa moja kutoka kwenye katriji. Mwandishi wa zama zile alitumia unyoya wa bata bukini juu ya ngozi ya mnyama, na kila baada ya maneno machache ilimbidi arudi kwenye kidau cha wino. Kwa mwanafunzi, kutokuwa na kazi ya kuchovya ni nafuu kubwa, kwa sababu macho na akili hubaki kwenye umbo la herufi badala ya kuhangaika na wino uliozidi au uliokauka.

Mwandiko wenyewe unastahili juhudi hiyo. Ni wa ukoo wa Kikarolingi, ulioenea katika milki ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, kuanzia mwishoni mwa karne ya 8, na herufi ndogo tunazozisoma leo katika vitabu na kwenye simu zimetokana na ukoo huohuo. Edward Johnston, aliyeanza kufundisha uandishi huu London mwaka 1899, aliuchukua mwandiko wa Zaburi ya Ramsey kuwa kielelezo cha wanafunzi wake kwa sababu ni mviringo, unasomeka, na kila mpigo wa kalamu unaonekana wazi. Ninakubaliana naye kabisa. Wengi huvutiwa kwanza na mwandiko wa Kigothi wenye pembe kali, lakini kwa maoni yangu huu wa mviringo hulifundisha jicho mengi zaidi.

Kabla ya kuandika, ukingo wa ncha husimamishwa wima na hupigwa miraba minne midogo, mmoja juu ya mwingine, na kimo cha miraba hiyo ndicho kimo cha herufi ndogo. Kwa ncha ya milimita 3.8 kimo hicho ni milimita 15.2, ukubwa unaoonyesha kila kasoro. Baada ya hapo jambo la kulinda ni pembe: ukingo wa ncha ukae nyuzi 30 dhidi ya mstari, usiyumbe mkono unapozunguka. Chukua herufi o, ambayo huandikwa kwa vipinde viwili, cha kushoto kwanza kisha cha kulia. Pembe ikishikwa vizuri, sehemu nyembamba haziangukii juu kabisa wala chini kabisa, bali pale mshale wa dakika unapoonyesha 55 na 25, na uwazi wa ndani huinama kidogo upande wa kushoto. Ukiliona hilo katika o yako, utaliona pia katika tao la n, ambalo huanzia ndani ya nguzo yake na kupanda kwa mkunjo uleule. Hapa ndipo kalamu hii iliponishawishi, maana ncha yake ni ngumu, haitanuki kwa kukandamizwa, hivyo unene na wembamba wote hutokana na pembe na mwelekeo wa mkono.

Karatasi ni suala zito kuliko nilivyotarajia. Wino wa katriji ni mwepesi, na karatasi ya kawaida ya fotokopi ya gramu 80 huunyonya kiasi cha kuharibu kingo za herufi, hasa kwetu pwani ambako karatasi hujaa unyevu. Karatasi laini na nzito zaidi hutoa mistari safi. Wino huo pia hautengenezwi kustahimili maji, kwa hiyo kazi ya kutundikwa ukutani iwekwe nyuma ya kioo, mbali na jua.

Kuhusu ukubwa, ningemshauri anayeanza asichukue ncha ya milimita 1.5 hata kama inaonekana kufaa kwa barua na kadi, kwa kuwa katika udogo huo tofauti kati ya mnene na mwembamba haionekani vya kutosha kumsahihisha. Usafi hauna ugumu: kijikaratasi chembamba cha plastiki kilichokuja nayo hupitishwa kati ya vibamba, kisha ncha husuuzwa kwa maji.

Kuna sehemu moja ya mswada ambayo kalamu hii haiifikii. Herufi kubwa za mapambo zinazofungua zaburi hazikuandikwa kwa mpigo mmoja mmoja. Zilichorwa kingo zake kwanza, kisha zikajazwa rangi au dhahabu. Kwa hizo utahitaji nibu nyembamba ya kuchovya, brashi, na rangi nzito ambayo haipaswi kamwe kuingizwa kati ya vibamba vile, kwani itakauka humo na kuziba njia ya wino.