TAHADHARI: uzi wa njano soko la Kenya, msiguse!

Wamama wa kroshe wa Lushi, yaani Lubumbashi, wekeni sindano chini kwanza msome. Nimeliwa dola 60. Siko peke yangu, wawili wengine ninawajua, ila wanaona haya kusema. Mimi haya iliniisha jana usiku.

Jumamosi asubuhi nilikwenda soko la Kenya, hii komini yetu, si ile nchi, kutafuta uzi wa njano. Oda ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola mnaijua, Pikachu 15, yule mdoli wa njano wa katuni, kabla ya tarehe 6 Desemba. Na makuta niliyoshika, pesa zenyewe, hazikuwa zangu, kwa hiyo mnaelewa kwa nini sijalala.

Akaniita dada mmoja. Mpole huyo! "Jambo mama, karibu mama." Mkononi ana Pikachu mdogo, mashavu mekundu, masikio yamesimama vizuri. "Huyu nimemfuma mimi mwenyewe kwa uzi huu huu. Pamba tupu, imepita mpakani Kasumbalesa juzi."

Mimi na ujuzi wangu nikamwambia: tuuchome. Hakusita. Kiberiti alitoa yeye! Nikavuta ncha ya donge la uzi, ikawaka kama karatasi, harufu ya karatasi, ikaacha majivu laini. Ingekuwa akriliki, ule uzi wa plastiki, ingeyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Watu wawili wamesimama wanaangalia, na mimi nawafundisha kwa sauti, kidole juu. Mwalimu wa uzi! Nikikumbuka kile kidole nataka kukikata.

Halafu noti. Nilimpa noti sita za dola kumi, akaziinua juani moja moja, akanirudishia moja kwa sababu imechanika kidogo pembeni. Nikabadilisha, tena nikamwomba msamaha! Nikasema moyoni, mtu anayeogopa noti mbovu hivi, kazi yake ni safi. Madonge 30, dola 2 kila moja, wakati kwingine ni 3. Akaniongezea macho ya plastiki, yale ya kubana kwa nyuma, "zawadi ya watoto, mama." Nikambariki. Kweli, nilimbariki.

Jioni nikaanza kichwa. Vifundo 6, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, mkono unakwenda wenyewe. Mzunguko wa kumi hivi, nikakuta fundo la kuungia. Baada ya fundo, uzi wa kijivu wa sweta iliyofumuliwa. Nikavuta: vipande vya rangi zote vimeungwaungwa. Nikavuta tena: katikati kuna kamba ya gunia imeviringwa kama ngumi. Nikafungua la pili, la tatu, yote 30 mpaka saa saba ya usiku, kwa mshumaa. Njano ni ngozi tu! Mtoto wangu kaamka, kauliza kama Pikachu ana ugonjwa.

Huyo mwanamke akamatwe. Azungushwe soko zima na madonge yake shingoni, kila mama amvute uzi mmoja. Halafu akae chini afumue zile takataka zote, afume Pikachu 15 kwa kamba ya gunia, awapelekee watoto yeye mwenyewe na awaangalie machoni. Msiniambie habari ya kusamehe, si wiki hii. Jumatatu nilirudi pale, nafasi yake anakaa mtu anauza nyanya, eti hamjui.

Dalili? Zilikuwepo. Madonge hayakuwa na karatasi ya kiwandani, ile yenye uzito na namba ya rangi. Yalikuwa mazito pia, nikafurahi, mjinga mimi. Ncha ya kuchoma uivute katikati ya donge, si juu. Na yule Pikachu wake alikuwa na mkia mweusi nchani! Mweusi ni wa masikio. Mkia ni wa njano, kahawia kidogo pale unapoanzia. Aliyemfuma kweli angejua. Niliona, nikamcheka kimoyomoyo, nikalipa.

Ni mwembamba, anabeba mfuko wa bluu, anasema "mama" kila neno la tatu. Akihama soko mtuambie.

Sasa nina masikio 11 na kichwa kimoja nusu. Mwenye pamba ya njano ya kweli, hata nusu donge, naomba aniuzie. Ila nitalikata kwa kisu mbele yako, usikasirike.