Sabufa inanguruma, maneno hayasikiki: uzoefu wangu na seti ya 5.1

Seti hii ya 5.1 niliinunua mtumba Kampala, yaani risiva (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika), spika tano na sabufa, nikaisafirisha kwa basi hadi nyumbani Arua. Kwa mlio iko vizuri sana. Magari yakigongana kwenye filamu, vikombe vinatikisika kabatini. Shida ilikuwa mazungumzo. Mama mkwe kila mara, "Amesema nini huyo?" Ukimwongezea sauti, mlipuko unaofuata unamwamsha mtoto chumbani.

Dawa niliipata kwenye spika ya katikati, kwani filamu ya 5.1 hupitishia hapo sehemu kubwa ya maneno. Televisheni ilikuwa inatuma PCM (sauti ya kidijitali iliyokwisha kufumbuliwa) ya njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo spika hiyo ilikaa bubu. Nikabadili mpangilio wa sauti kwenye televisheni kuwa Bitstream, yaani sauti ipelekwe kama ilivyo ili risiva yenyewe iifumbue, spika ya katikati ikaanza kusema. Kisha kwenye risiva nikaipandisha desibeli 3 peke yake, na besi (sauti nzito) yote iliyo chini ya hezi 80 nikaiachia sabufa.

Mahali ilipokaa spika hiyo ya katikati nako kulichangia. Ilikuwa imesukumwa ndani ya rafu, sauti inavuma kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, tena inaelekea magotini mwetu. Niliivuta hadi ukingoni, nikaiinua mbele kwa kipande cha mbao ielekee masikioni. Hapo ndipo "s" na "f" zilipoanza kusikika, hata mtu akinong'ona. Zulia juu ya vigae na pazia zito vilipunguza mwangwi. Usiku nawasha Night Mode, inayobana milipuko na kuinua sauti ndogo.

Filamu za VJ, yaani zile anazozitafsiri mtu kwa sauti yake juu ya filamu, ni habari nyingine. Nyingi ni za steryo, na Pro Logic II, mpangilio wa risiva unaosambaza steryo kwenye spika zote, huvuta katikati kile kinacholingana pande zote mbili, kwa hiyo VJ anasikika vizuri. Lakini sauti yake imeshachanganywa na ya waigizaji, hakuna kitufe cha kuzitenganisha. Na mvua ikipiga mabati, washa maandishi ya chini ya skrini tu.

Kwa bei ya mtumba, ningeinunua tena. Ila kabla hujalipa, mwambie muuzaji awashe Test Tone (mlio wa majaribio wa risiva), usikilize spika moja baada ya nyingine. Ya katikati ikikwaruza, iache dukani.