Packet Tracer au GNS3 kwa somo la itifaki za mtandao?

Zote mbili ni programu za kujenga mtandao wa majaribio ndani ya kompyuta yako. Mwenye kompyuta ya RAM GB 4 hana mengi ya kuchagua: ni Packet Tracer. Ni bure ukijisajili Cisco Networking Academy, na swichi ya Cisco 2960 imo tayari kwa VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo) na STP (itifaki ya kuzuia mizunguko kati ya swichi). Uzuri wake mkubwa ni ile hali ya uigaji, inayosimamisha pakiti hatua kwa hatua. Ukibofya bahasha inayowakilisha pakiti, unaona ARP (itifaki inayotafuta anwani ya MAC ya kifaa) ikitangulia. Ndiyo maana ping (pakiti ya kujaribu mawasiliano) ya kwanza mara nyingi hupotea. Kwa anayeanza, hakuna maelezo ya ubaoni yanayofikia hapo. Lakini ni igizo: amri nyingi za ruta halisi hazimo, na faili la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani.

GNS3 nayo ni bure, ila IOS (mfumo endeshi wa ruta za Cisco) unaitafuta mwenyewe, tena yenye leseni. Kwa kuwa huendesha IOS yenyewe, itifaki za kuchagua njia za OSPF na BGP hujibu kama kazini, na pakiti za kila kebo unazinasa kwa programu ya Wireshark. Shida ni matunzo. Usipoweka thamani ya Idle-PC (mpangilio wa kupumzisha prosesa ruta isipokuwa na kazi), ruta moja ya aina ya c3725 hula kiini kizima cha prosesa. Toleo la GNS3 VM (mashine pepe inayoendesha vifaa vya GNS3) lisipolingana na la programu, haviunganiki. Na kwa upande wa swichi, moduli ya NM-16ESW (kadi ya swichi inayowekwa kwenye ruta) haifanyi yote yanayofanywa na swichi halisi za Cisco Catalyst.

Kwa CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), Packet Tracer inatosha. Ukilenga kazi kwa mtoa huduma wa intaneti, na una RAM GB 16, anza GNS3 mapema.