"La Fama" au "El Pañuelo": bachata ipi ya Rosalía?

Ubishi huu wa bachata ipi ni bora, yaani muziki wa gitaa unaochezwa wawiliwawili, hauishi, na sauti ya Rosalía, mwimbaji mzaliwa wa Catalonia nchini Hispania, imo katika nyimbo zote mbili. "La Fama" ya 2021 ni yake akimshirikisha The Weeknd wa Kanada. "El Pañuelo" ya 2022 ni ya Romeo Santos, mtoto wa Bronx aliyeinuka na kundi la bachata la Aventura.

Kwa gitaa, Romeo anashinda. Bachata asili yake ni Jamhuri ya Dominika, na kwake gitaa hujibizana na mwimbaji huku bongo, zile ngoma mbili ndogo, na güira, kile chuma cha kukwaruza, vikisukuma mdundo. "La Fama" imepunguza vyombo, imenyooshwa kistudio. Mwenye kujifunza kuicheza, hatua tatu na kugonga mguu kwenye mpigo wa nne, ataipata njia kwa urahisi zaidi kwa Romeo.

Kwa maneno, mambo yanageuka. Rosalía anauchora umaarufu kama mpenzi msaliti: lala naye ukitaka, lakini usimuoe. Nani mwingine kaliweka hivyo? The Weeknd anaimba Kihispania, na ugeni wake unaupa wimbo ubaridi fulani unaofaa. "El Pañuelo" ni mapenzi na maumivu yaliyozoeleka, ingawa sauti za Romeo na Rosalía zimeshikana kweli.

Ukiwa na sherehe ya watu wanaocheza wawiliwawili, weka Romeo. Ukiwa peke yako na spika za masikioni, "La Fama". Na kama bachata hujawahi kuisikia kabisa, ziweke zote kando kwanza, uanze na Aventura.